Ikipitia WhatsApp Inakubali

Garissa, mtu akikwama mbele ya kompyuta hupewa jibu moja: mtandao. Malipo hayajaingia, mtandao. Fomu imepotea, mtandao. Ugumu wa jibu hilo ni kwamba mara nyingi ni la kweli. Kaskazini Mashariki minara ya simu imelipuliwa na al-Shabaab mara nyingi, na vijiji vya mpakani vimewahi kukaa muda mrefu bila kupokea hata ujumbe mfupi. Wajir na Mandera zimetegemea jenereta za dizeli kwa miaka na miaka. Mvua kubwa zikinyesha, barabara hukatika na mawasiliano huyumba nazo. Anayesema "huku mtandao ni hivyo tu" ana ushahidi tele, na mimi ninayefanya kazi ya mifumo ya kompyuta katika mji huu nimejifunza kuliogopa jibu hilo kwa sababu hiyohiyo. Likishatolewa, hakuna anayeendelea kutafuta.

Kisa ninachotaka kusimulia ni cha Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha mto Tana. Barabara ya Nairobi ilikatika pale Mororo, upande wa Madogo, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua huku malori yakingoja ng'ambo. Wakati huohuo taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imefungua dirisha la maombi ya basari za wanafunzi, na maombi yote yalipaswa kupita kwenye intaneti. Mzazi wa Balambala au Ijara asiye na kompyuta hakuwa na njia nyingine ila kuja mjini, aingie saiba, alipe, ajaziwe fomu. Fomu ilitaka picha ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya kujiunga na shule. Mtu alikuwa anajaza ukurasa baada ya ukurasa, anapachika picha zake, anabonyeza "Wasilisha", kisha anasomewa na kijana wa saiba: "Hitilafu ya mtandao. Tafadhali jaribu tena." Wengine hawakupata hata ujumbe huo. Walirudishwa tu kwenye ukurasa wa kuingia, na yote waliyoandika yamefutika.

Aliyeketi kompyuta ya pembeni alipita mara ya kwanza.

Malalamiko yalifika Nairobi. Mafundi wa taasisi walijaribu fomu, ikapita. Wakajaribu tena, ikapita. Wakaandika kwamba tatizo liko kwenye mtandao wa mtumiaji, wakayafunga malalamiko. Yalipozidi, niliombwa niangalie, kwa kuwa niko hapa na nawafahamu wenye saiba. Nilipewa ruhusa ya kusoma kumbukumbu za seva, na hicho ndicho kitu ambacho mtu wa saiba hawezi kupewa.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa. Seva nne zenye programu ileile, na mbele yao nginx, programu ambayo Igor Sysoev aliitoa mwaka 2004 na ambayo leo imesimama mbele ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Kazi yake hapo ilikuwa kugawa mzigo: hukaa mlangoni kama karani wa benki anayewaelekeza wateja madirishani, wewe huku, wewe kule, ili dirisha moja lisielemewe. Mteja hajui amehudumiwa na dirisha gani. Kwake ni benki moja. Na hapo ndipo ugumu wa kazi hii unapoanzia, kwa sababu dirisha moja kati ya manne likiwa na kasoro, mteja haoni dirisha bovu. Anaona benki inayokubali leo na kukataa kesho bila sababu.

Nimewasikia mafundi wengi wakiliita kosa la aina hiyo la bahati nasibu. Sikubaliani nao. Kompyuta haibahatishi. Kosa linalokuja na kwenda lina kanuni yake kamili, ila kanuni hiyo inategemea kitu ambacho hatujakiandika popote: seva ipi, saa ngapi, faili la ukubwa gani, laini ipi. Ukikiandika kitu hicho, kosa huacha kuja na kwenda. Kwa hiyo sikuanza na seva. Nilinunua kaunta buku, nikaipeleka kwenye saiba moja ya karibu na Suq Mugdi, nikamwomba msichana anayeiendesha aandike kila ombi: saa, kompyuta au simu, laini iliyokuwa inatumika, picha zimetoka wapi, na maneno kamili yaliyotokea kwenye kioo. Siyo "imekataa". Maneno yenyewe.

Aliandika vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu alikuwa amechoka kulaumiwa. Wazazi walikuwa wanamlipa kisha wanamwona kama tapeli. Wengine walihamia saiba ya ng'ambo ya barabara, ambako maombi yalikuwa yanapita karibu yote, na mjini kulishaenea kwamba kompyuta za kwake ni mbovu.

Nilipokuwa nimeketi naye, mzee mmoja alimpa simu yake mpya, akafungua picha ya barua ya shule. Nikashika kipanya niipachike. Msichana akanizuia.

"Adeer, usiitume hivyo. Ipitishe WhatsApp kwanza."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Ikipitia WhatsApp inakubali."

Aliituma picha ile kwenye namba yake mwenyewe, akaipakua upya kwenye kompyuta, akaipachika, akawasilisha. Ikapita. Alikuwa amefanya hivyo kwa watu wengi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

WhatsApp huipunguza picha kabla ya kuituma. Picha ya simu ya siku hizi ni megabaiti tatu, nne, hata zaidi. Ikipita hapo hutoka na kilobaiti mia kadhaa tu. Nilifungua tena kaunta buku nikasoma safu ya "picha zimetoka wapi". Wenye simu za zamani zenye kamera hafifu walipita. Waliopita kwenye skana ya saiba, iliyowekwa kwenye kiwango cha chini, walipita. Wenye simu nzuri walikwama. Kwa siku kadhaa umaskini wa simu ulikuwa ndio unaompa mtu basari, na hakuna mtu yeyote aliyekusudia iwe hivyo.

Usiku ule nilichukua picha moja ya megabaiti tatu, nikaituma kwa kila seva moja moja, bila kupitia kwa mgawa mzigo. Hilo ni jambo la lazima katika kazi hii na ni jambo linalorukwa sana: usiulize mfumo kama unafanya kazi, iulize kila seva kwa jina lake, swali lilelile, faili lilelile. Seva tatu ziliipokea. Ya nne ilijibu 413, namba ambayo kwa lugha ya wavuti ina maana kwamba mzigo ni mkubwa mno. Kila seva nayo ilikuwa na nginx yake ndani, na nginx, isipoambiwa vingine, hukataa chochote kinachozidi megabaiti moja. Seva tatu za zamani zilikuwa na mstari mmoja kwenye faili la mipangilio unaopandisha kikomo hicho. Ya nne ilikuwa imejengwa upya wiki ya kufungua dirisha, ili kuongeza nguvu, na mstari ule haukuwemo.

Lakini kwa nini saiba moja ikwame karibu muda wote na ya pili ipite? Mgawa mzigo huyu alikuwa amepangwa kugawa kwa anwani ya IP. Nginx huchukua tarakimu za sehemu tatu za mwanzo za anwani ya mteja, huzipigia hesabu, na mteja huyo hupelekwa seva ileile kila anapokuja. Saiba nzima, kompyuta zote, hutoka nje kwa anwani moja. Saiba ya Suq Mugdi ilikuwa imeangukia seva ya nne, na ilikuwa inabaki huko. Ya ng'ambo, yenye kampuni nyingine ya intaneti, iliangukia nzuri. Ofisi ya Nairobi nayo iliangukia nzuri, na ingeendelea kuangukia nzuri hata mafundi wangejaribu hadi Krismasi. Walichopima kilikuwa kweli. Hawakuwa wamepima kile walichodhani wamepima.

Mgawa mzigo naye hakugundua kitu. Yeye huiondoa seva kwenye zamu pale isipojibu au inapochelewa mno. Jibu la 413 ni jibu. Seva imejibu haraka na kwa adabu, hivyo imehesabiwa kuwa nzima. Na kumbukumbu zake, kwa muundo wa kawaida unaokuja na nginx, haziandiki ni seva ipi iliyohudumia ombi lipi. Tuliongeza jambo hilo moja, jina la seva kwenye kila mstari wa kumbukumbu na kwenye kila jibu linalorudi kwa mteja, na ningelipendekeza kwa yeyote anayesimamia seva zaidi ya moja kabla hajanunua chombo chochote cha ufuatiliaji.

Kilichoniudhi zaidi ni ule ujumbe. Seva ilisema wazi kwamba faili ni kubwa. Programu ya ukurasa ilikuwa imeandikwa kwamba jibu lolote lisilo la mafanikio, liwe la nini, litafsiriwe "Hitilafu ya mtandao". Ukweli ulisafiri kutoka Nairobi hadi Garissa ukiwa mzima, ukauawa kwenye kioo, mbele ya mzazi. Na mzazi wa huku ana sababu ya kutouliza zaidi. Katika kaunti hii wapo maelfu ya raia wa Kenya walionyimwa vitambulisho kwa sababu alama za vidole vyao zilikutwa kwenye daftari la wakimbizi la Dadaab, wengi wao wakiwa waliandikishwa huko na wazazi miaka ya ukame, kambi zilipokuwa na chakula na matibabu. Kwa miaka walienda ofisini wakarudi na maneno mawili: mfumo umekataa. Mtu aliyelelewa na jibu la namna hiyo, ukimwambia hitilafu ya mtandao, atainuka aende zake. Hatakutumia malalamiko. Kimya chake usikihesabu kuwa mfumo umetengemaa.

Mstari uliwekwa kwenye seva ya nne, na ukurasa ukapewa uwezo wa kupunguza picha kwenye kivinjari kabla ya kuituma, kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na WhatsApp. Ujumbe nao ukabadilishwa useme kilichotokea. Malalamiko yakashuka sana. Hayakwisha.

Yaliyobaki yalikuwa ya wale wanaorudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Makosa mawili yalikuwa yamekaa moja juu ya jingine, na hiyo ndiyo sababu jumla yake ilionekana haina mpangilio. Nawaambia vijana ninaofanya nao kazi: ukirekebisha kitu cha kweli na tatizo likapungua bila kwisha, usikitilie shaka ulichorekebisha. Futa ubao, anza kuhesabu upya yaliyobaki peke yake.

Safari hii jibu lilikuwa kwenye safu ya "laini". Mwenye saiba alikuwa amefanya jambo la busara. Ana fiba, na ruta yake ina kadi ya simu. Fiba ikizorota, ruta inajihamisha yenyewe kwenye laini ya simu, na wateja hawahisi kitu. Wiki zile za mafuriko fiba ilikuwa inakufa na kufufuka mchana kutwa. Kila ruta ilipohama, anwani ya IP ya saiba ilibadilika. Anwani mpya, hesabu mpya, seva nyingine. Na habari kwamba mzazi huyu ameshaingia na yuko ukurasa wa tatu, yaani sesheni yake, zilikuwa zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya ndani ya seva ya kwanza peke yake. Seva mpya haikumjua. Ikamwambia aingie tena.

Nilimwomba mwenye saiba achomoe waya wa fiba nikiwa katikati ya fomu. Nikatupwa nje. Akarudisha, nikaanza upya, akachomoa tena. Ilitokea karibu kila mara, na pale ambapo haikutokea, kumbukumbu zilionyesha kwamba anwani mpya ilikuwa imeangukia seva ileile kwa hesabu tu. Wenye simu walipatwa na jambo hilohilo bila hata kubadilisha laini. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima na haziwatoshi watu, kwa hiyo kampuni za simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani chache, na mlango anaotokea mteja unaweza kubadilika.

Hapa mtu angeweza kusema: basi ulikuwa mtandao kweli. Nalikataa neno hilo kwa nguvu zote. Mtandao ulichochea. Kosa lilikuwa kwenye mfumo uliojengwa kwa dhana kwamba mwanadamu huanza fomu na kuimaliza akiwa kwenye laini moja isiyotikisika. Dhana hiyo ni kweli kwenye ghorofa ya Upper Hill, lakini haishiki Garissa, wala ndani ya basi la Mwingi, wala kwa mwanafunzi anayetumia bando la saa moja. Mfumo wa umma unaovunjika laini inapobadilika ni mfumo uliovunjika tayari. Sesheni zilihamishiwa kwenye Redis, ghala moja ambalo seva zote nne zinalisoma, na maandishi ya fomu yakawa yanahifadhiwa kwenye kivinjari kadiri mtu anavyoandika. Kuanzia hapo waya wa fiba ungeweza kuchomolewa na mzazi akaendelea na ukurasa wake.

Kuna jambo lilijitokeza katikati ya hayo. Malalamiko yalipozidi, Nairobi walikuwa wanazima seva na kuziwasha, dawa ya zamani ya kila fundi. Kwa kuwa sesheni zilikaa kwenye kumbukumbu ya ndani ya seva, kila kuwashwa upya kuliwatupa nje watu wote waliokuwa wanajaza. Malalamiko yakaongezeka, wakawasha upya tena.

Sisemi kuwasha upya au kujaribu tena ni upuuzi. Jim Gray, mmoja wa wakubwa wa fani hii, aliandika mwaka 1985 akiwa kampuni ya Tandem kwamba makosa mengi ya programu yanayobaki kwenye mifumo iliyokomaa ni yale yanayotoweka ukirudia kazi, na kwamba mfumo imara unaweza kujengwa juu ya kurudia huko. Alikuwa sahihi, na benki nyingi zimesimama juu ya wazo hilo. Ila kurudia kwake kulikuwa kunafanywa na mashine na kuandikwa. Kurudia kwetu kulifanywa na mama aliyelipia saiba kwa dakika, na hakuna aliyekuwa anahesabu.

Na dawa isiyoandikwa huua. Tarehe 25 Februari 1991, mtambo wa Patriot uliokuwa unalinda Dhahran nchini Saudia ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wa Marekani wakafa kambini. Saa ya ndani ya mtambo ilikuwa inakosea kidogo sana, na kosa lilikuwa linajilimbikiza kadiri unavyokaa umewashwa. Ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100, na kosa limefika kama theluthi moja ya sekunde. Kuuzima na kuuwasha kungelifuta. Tatizo lilishajulikana, watumiaji walishaambiwa wasiuache umewashwa muda mrefu sana, na hakuna aliyewaambia muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku ya pili yake.

Sifananishi basari na vita. Lakini mtoto aliyekosa karo Januari kwa sababu ya mstari mmoja uliosahaulika amepoteza muhula, na muhula haurudishwi kwa kuwasha upya. Ndiyo maana nilisisitiza kwamba walioshindwa watafutwe. Kumbukumbu za seva zilikuwa na majibu yote ya 413 na saa zake, na kaunta buku ya saiba ilikuwa na majina. Tulivilinganisha viwili hivyo mstari kwa mstari, nikishirikiana na msichana wa saiba, na orodha ikapelekwa kwa taasisi. Dirisha lilirefushwa. Wengi walipigiwa simu. Wengine simu zao hazikupatikana.

Kabla ya dirisha lililofuata, taasisi ilikubali kwamba jaribio la kwanza lisifanyike Nairobi. Mtu mmoja alijaza fomu Masalani kwa simu ya bei nafuu, akitembea kutoka mahali penye mnara wa karibu hadi mahali ulipofifia. Ikapita. Mwingine alijaza Mandera, kwenye ofisi inayotumia satelaiti ya mbali, ile inayokaa kilomita 35,786 kutoka ardhini, ambako swali na jibu huchukua zaidi ya nusu sekunde hata kabla hujatuma picha. Ombi lake lilikatwa katikati ya picha ya pili: programu ilikuwa na kikomo cha sekunde 60 kwa ombi zima, na kwa kasi ile sekunde 60 hazitoshi. Safari hii ujumbe kwenye kioo ulisema hivyo, na ukataja seva. Kikomo kilipandishwa adhuhuri ile, Mandera wakajaribu tena kwa picha zilezile, zikapanda zote tatu, na dirisha likafunguliwa kesho yake saa mbili asubuhi.